Mwaka Niliowanyamazisha Wapiga Nduru

Langat, aliyekuwa dereva wetu zamani, alinipigia simu nikiwa katikati ya kazi, katika maabara yangu mwenyewe, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo ambalo pia ni langu. Mjini Bomet hakuna anayehitaji kuelekezwa kwangu kwa ramani. Uliza maabara ya ng'ombe, utaletwa mpaka mlangoni. Jengo hilo nililisimamisha baada ya miaka kumi na moja katika mashamba makubwa ya maziwa ya Uarabuni, ambako mimi, kijana wa diploma, ndiye niliyeitwa kila mara madaktari wa digrii waliposhindwa kueleza kwa nini ndama waliochanjwa hawapati kinga. Nilikwenda huko na begi moja, nikarudi na mashine. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba mtu aliyelazimika kuketi na kuvua glavu siku ile, aliposikia kwenye simu, "Daktari Njoki ametuacha, tunamzika Londiani Ijumaa," si mtu wa kutetemeka ovyo.

Londiani ilikuwa na ile baridi yake inayoingia mpaka kwenye meno. Viazi vilikuwa vimetoa maua pande zote za nyumba yao, na watu walisimama kati ya matuta kwa uangalifu wasivikanyage. Ndugu zake walikuwapo, watu wa biashara na mashamba ambao wazee wao walihamia huko kutoka Mkoa wa Kati, na sisi wengine tulitoka Kericho na Bomet, tuliopita mikononi mwake. Nilipewa kipaza sauti na nikasema vizuri. Nilitaja akili yake, uvumilivu wake, na idadi ya vijana aliowafundisha. Nilipomaliza watu walipiga makofi, jambo ambalo si la kawaida mazishini. Wakati wa chakula Langat alinijia na sahani yake ya wali na viazi, mvi kichwa kizima sasa, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando yangu.

"Umeongea kama waziri, Diploma," alisema. Jina hilo aliniita tangu siku ambayo sikuwa na diploma yoyote. "Lakini ile ya Kogo umeiruka."

"Ile si ya mazishi."

"Basi iandike. Mimi nikienda, nani ataamini nilirudishwa nyumbani juu ya barafu?"

Ndiyo sababu ninaandika. Nilikozaliwa na wazazi wangu walikuwa akina nani, hayo yana wasimulizi wake. Mimi nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa mwisho wa chuo, nilipopelekwa kufanya mafunzo ya kazini katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya kituo cha kupoza maziwa, katika mojawapo ya matuta ya Bomet ambako chai inaishia na malisho yanaanza.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha kupokelea damu. Cha pili kilikuwa na friza, mashine ya kuzungusha mirija, na meza moja ndefu iliyofunikwa kwa plastiki nyeupe. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na tangi kubwa la maziwa ambalo injini yake haikunyamaza, hivyo kila neno nililojifunza mwaka ule nililisikia juu ya ngurumo hiyo. Kulikuwa na harufu mbili, maziwa na dawa ya kuua vijidudu, nazo hazikuwahi kuchanganyika. Ukigeuza kichwa kushoto unapata hii, kulia unapata ile. Asubuhi tulisikia wakulima wakipanga mikebe yao na kutaniana: nani ameongeza maji, ng'ombe wa nani amekonda kama mwenyewe. Daktari Njoki alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyevaa sweta mbili chini ya koti jeupe. Saa nne kamili alifungua chupa ya chai na mkebe wa mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na majani, alioletewa kutoka kwao, akaukata sehemu tatu sawa kwa kisu cha maabara kilichooshwa, moja yake, moja yangu, moja ya Langat dereva. Hakuna aliyeruhusiwa kuzungumzia kazi mpaka mkebe uishe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe wa wakulima walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu baada ya sindano tulichukua damu yao ili kupima molekuli za ishara, zile ambazo vitabu huziita saitokini. Wiki nne baadaye tulichukua damu tena, safari hii kupima kingamwili, yaani zile protini zinazokamata virusi kabla havijaingia kwenye seli. Daktari alitaka kujua kama ishara za siku tatu za kwanza zinaweza kutabiri kingamwili za mwezi ujao. Nilidhani hilo ni jambo dogo. Chuoni nilikuwa wa kwanza darasani katika somo la kinga na nilijua majina yote kwa kichwa, na nilimtajia yote siku ya kwanza bila kuulizwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza? Sasa njoo." Akanipeleka upande wa pili wa ukuta, mbele ya tangi la maziwa, tukapanda ngazi ndogo na kuchungulia ndani. Maziwa yalizunguka taratibu, meupe, mengi kuliko niliyowahi kuyaona mahali pamoja. "Chukua punje moja ya chumvi. Moja, siyo kijiko. Itupe hapa. Koroga. Sasa chota kifuniko cha kalamu. Ile chumvi iliyo kwenye hicho kifuniko, ndiyo ishara tunayotafuta kwa damu ya ng'ombe."

"Hiyo si kitu, Daktari."

"Si kitu," alikubali. "Lakini ng'ombe anaisikia. Chanjo haikingi mtu, kijana. Chanjo ni habari tu. Kuna seli chini ya ngozi zimekaa hapo kama hazina kazi. Zikigusa ile chanjo zinatoa hizi molekuli. Moja inaenda mpaka kwa ubongo, inasema pandisha joto. Ingine inaita wenzake waingie kwa tezi ya shingo. Huko tezini seli T zinatoa ishara zao, zinaambia seli B: wewe umeshika kitu cha maana, gawanyika, tengeneza kingamwili, na uitengeneze ya aina hii, siyo ile. Bila hiyo ishara seli B inaweza kushika kipande cha virusi ikikiangalia tu, kama mtu ameshika barua na hajui kusoma." Akashuka ngazi. Mimi nilibaki juu nikitazama maziwa. Majina niliyoyakariri yalikuwa yamegeuka kuwa watu wanaoitana gizani, na nilihisi nywele za mikono zikisimama. Miaka yote niliyofanya kazi hii, katika joto la jangwani na katika baridi ya kwetu, bado nikisoma kipimo cha ishara nywele hizo husimama.

Nililala kwa Kogo Rebeka. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu, na tuta zima lilimwita hivyo, mjukuu au si mjukuu. Alinipa chumba kilichokuwa ghala la mahindi, kitanda cha kamba na dirisha lililotazama zizi. Jioni tulikula ugali wa wimbi na mboga za managu, na Jumapili alishusha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akakitikisa kando ya sikio lake na kusikiliza kabla ya kumimina, kwa kuwa alisema maziwa yaliyoiva yana sauti yake. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, jina lake Sista, kwa sababu mama yake alinunuliwa kutoka shamba la watawa. Sista alikuwa kila kitu. Kogo alizungumza naye kuliko alivyozungumza nami, na aliponitambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ni daktari ya Sista," ingawa nilikuwa mwanafunzi. Sikumsahihisha.

Tulichanja ng'ombe wa tuta letu, tisa kwa jumla, asubuhi moja ya umande, kwenye kizuizi cha mbao kando ya njia. Langat alibeba sanduku la barafu, mimi nikachoma. Mkono wangu ulikuwa mwepesi hata wakati huo. Wakulima walishangaa ng'ombe hawaruki. Siku iliyofuata niliwatoa damu ya kwanza mapema, nikairudisha maabara, na niliporudi nyumbani saa sita nilimkuta Kogo amesimama zizini ameshika masikio ya Sista kwa mikono miwili.

"Weri," aliniita, yaani kijana, jina alilotumia akiwa na hasira, "hii ng'ombe yangu mumechoma nini? Masikio iko moto. Shingo imefura. Hataki nyasi. Maziwa ya asubuhi ni nusu."

"Ni kawaida, Kogo. Itapita."

"Kawaida ya nani? Ya kwenu ama ya ng'ombe?"

Jirani mmoja aliyekuwa ameegemea ua alicheka. "Hawa watoto wa chuo wanajifunzia kwa ng'ombe zetu. Ikikufa ataandika kwa kitabu, apate alama."

Maneno hayo ndiyo yaliyonichoma. Daktari alikuwa ametuambia homa ya siku mbili tatu iachwe, lakini alilisema kama jambo dogo, na mimi nilikuwa na chupa ya dawa katika begi langu, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ya jamii ya steroidi, niliyonunua kwa pesa zangu ili nisikose kitu siku ya kuonyesha ujuzi. Niliuliza kama Sista ana mimba, maana nilijua dawa hiyo huharibu mimba iliyokomaa. Hakuwa nayo. Nilimchoma. Jioni Sista alikuwa anakula. Asubuhi masikio yalikuwa baridi, na uvimbe wa shingo ulikuwa umenywea. Yule yule jirani alikuja kwangu kabla sijanawa uso. "Daktari, na yangu pia." Siku hiyo niliwachoma wote tisa, na siku mbili zilizofuata nikarudia, nikiwaonya maziwa ya siku hizo wampe ndama. Kila asubuhi nilitoa kwanza damu ya utafiti, kisha nikachoma dawa. Sikuona kwamba mkono mmoja unaandika na mwingine unafuta. Tuta lilinisifu. Nilichinjiwa kuku, nikapewa firigisi mbele ya wazee, na nilipopita njiani watoto waliacha mchezo kuniamkia. Daktari Njoki sikumwambia. Nilidhani ni jambo la huruma tu, la pembeni, lisilohusu utafiti.

Wiki nne baadaye tulipima kingamwili. Kipimo hufanyika katika sahani ya plastiki yenye visima vidogo tisini na sita, kila kisima tone la damu ya ng'ombe mmoja, na mwishoni unatia maji yanayogeuka buluu palipo na kingamwili. Kisha unatia asidi na buluu inakuwa manjano, inakaa. Buluu ilianza kujitokeza kwa ng'ombe wa tuta la kwanza, wa pili, wa tatu, kama macho yanayofunguka. Mstari wa tuta letu ulibaki mweupe. Tulingoja. Katika visima tisa kulikuwa na kivuli tu, kama maji yaliyooshewa kikombe.

Daktari aliosha mikono. Halafu alimwita Langat. "Siku ya tuta la Kogo, barafu ilikuwa ngapi?"

"Ilijaa, Daktari."

"Ulisimama wapi?"

"Nilisimama kwa kona dakika tano, gurudumu. Lakini sanduku sikufungua."

"Jua lilikuwa kali?"

"Daktari, ilikuwa umande. Uliza Diploma."

Aliniangalia. Nilisema ni kweli, palikuwa na umande, na sikusema zaidi. Chanjo iliyopata joto hufa, kila mtu anajua, na sanduku lilikuwa la Langat. Daktari alimwambia arudi nyumbani mpaka ukweli ujulikane. Langat aliweka funguo za gari juu ya meza karibu na mkebe wa mukimo ambao haukuwa umefunguliwa, akatoka. Siku ile tulikata mukimo sehemu mbili.

Wiki hiyo hiyo tulisikia kupitia ukutani, kutoka kwa wenye mikebe, kwamba soko la mifugo la Chepilat limefungwa. Ng'ombe walikuwa wanatokwa na udenda na kuchechemea. Mmoja alisema ugonjwa uko mbali. Mwingine akasema ng'ombe wa shemeji yake tayari amelala chini, na shemeji yake hakai mbali. Kogo alisikia pia. Jioni aliniambia huku akikata nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, "Wacha ikuje. Sisi tulichanja. Sista ako na daktari yake."

Vipimo vya ishara vilikuwa bado, kwa kuwa dawa za kupimia zilichelewa kufika, na Daktari hakutaka kuwaambia wakulima kitu kabla ya kuvisoma. Zilipofika, Daktari alikuwa amekwenda Kericho kwenye mkutano, akaniachia sahani nifanye mwenyewe. Hiyo ilikuwa heshima kubwa, na naweza kusema nilifanya kazi safi kuliko mtu yeyote wa umri wangu. Hata leo sijui kama ningeifanya vizuri zaidi. Tone kwa tone, saa tano nzima, tangi likinguruma ukutani. Na buluu ilipotokea nilimtafuta Sista kwanza. Siku ya kwanza: buluu nzito. Siku ya pili: hafifu. Siku ya tatu: hakuna. Nikatazama ng'ombe wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa. Wote siku ya kwanza walikuwa juu, sawa na ng'ombe wa matuta mengine, tena Sista aliwapita wengi. Kisha, kuanzia asubuhi baada ya mimi kuwachoma dawa, kimya.

Nilivuta kiti. Chanjo iliyokufa kwenye sanduku isingeweza kuamsha ishara hata siku ya kwanza. Sahani ilikuwa inasema barafu ya Langat ilikuwa nzuri, chanjo ilikuwa hai, mwili wa Sista uliisikia na kuanza kuita, na halafu mtu fulani, siku ile ile, saa sita mchana, akazima wito. Ilikuwa inasema hata saa. Punje ya chumvi katika tangi la maziwa, kitu nilichokiita si kitu, ilikuwa imenitazama nikifanya nilichofanya na kukiandika. Nilikuwa na hofu, sitaficha, lakini chini ya hofu kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitarajia: mshangao mtupu, wa namna ambayo wengine huupata kanisani. Nilitaka kumwonyesha mtu. Na mtu wa kumwonyesha alikuwa mmoja tu, naye ndiye angetia sahihi fomu yangu ya diploma.

Maji ya buluu hufifia usipotia asidi. Nilikuwa peke yangu. Ningeweza kuiacha sahani ikafifia, nikasema kipimo kimeharibika, kwani vipimo huharibika kila siku. Lakini ng'ombe tisa wa tuta lile walikuwa wamesimama bila kinga, wenyewe wakiamini wamekingwa, na ugonjwa ulikuwa njiani kutoka Chepilat. Nilitia asidi. Manjano ikakaa.

Daktari Njoki alirudi saa kumi, akasoma sahani akiwa bado na begi begani. Alisoma mara mbili. "Haiya," alisema polepole. "Hii si barafu."

"Hapana, Daktari. Ni mimi." Nilimweleza yote, chupa, siku tatu, kuku, firigisi. Hakupandisha sauti. Aliuliza kipimo cha dawa, kwa kila ng'ombe, na akaandika. Aliuliza kama kuna ng'ombe mwingine niliyemchoma mahali pengine. Hakuna. Kisha alinyanyua simu akampigia Langat, akamwomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kikipsigis kibovu alichokuwa nacho, na alipoishusha akaniambia, "Kesho asubuhi utawaambia mwenyewe. Mbele ya mikebe. Mimi nitasimama nyuma."

Nimehutubia watu katika nchi mbili, lakini hotuba yangu ngumu kuliko zote niliitoa mbele ya wakulima wasiozidi ishirini walioshika mikebe ya maziwa. Nilianza na majina ya kitaalamu, nikaona nyuso zinafungwa. Nikaacha. Nikawauliza, "Mwizi wa ng'ombe akiingia kwa tuta, tunafanya nini?"

"Tunapiga nduru," mmoja alijibu, akinishangaa.

"Halafu?"

"Tuta ya pili inasikia, inapiga. Ya tatu inapiga. Watu wanatoka na fimbo."

"Chanjo ni kama kumwonyesha ng'ombe sura ya mwizi. Akiiona, mwili wake unapiga nduru. Ile joto ya masikio, ile shingo iliyofura, ndiyo nduru yenyewe, tuta kwa tuta, mpaka wale wa kutengeneza fimbo wasikie. Ng'ombe zenu zilipiga nduru vizuri. Mimi nikaja na sindano, nikaziba mdomo ya kila mtu. Kukawa kimya, nanyi mkanishukuru. Fimbo hazikutengenezwa."

Kisha yule jirani wa ua akaweka mkebe chini. "Kwa hivyo ng'ombe yangu iko uchi."

"Iko uchi."

"Na ulikula kuku yangu!"

Watu walicheka, kicheko kibaya. "Daktari ya kuzima nduru!" mwingine aliita. "Mtoe firigisi!" Mwingine alisema kwa utulivu, ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba hatachanja tena, si leo, si kesho, hawa watu hawajui wanachofanya. Wawili waliitikia. Niliona tuta zima linaweza kukataa, na ugonjwa ukifika ungewakuta hivyo hivyo kwa sababu yangu mara ya pili.

Kogo Rebeka alikuwa ameketi juu ya mkebe wake muda wote. Alisimama kwa kujishika goti. "Mimi nilimwambia masikio iko moto," alisema. "Mimi ndiye nilimsukuma. Nilisikia nduru kwa mkono yangu hii, nikasema inyamazishwe nilale." Akanigeukia. "Weri, umekosa. Umekosa sana. Nenda ulete hiyo chanjo, unichomee Sista kwanza. Na begi yako uache kwa daktari."

Langat alileta sanduku mchana huo, limejaa barafu mpaka kifuniko kinakataa kufunga. Alilifungua mbele yangu, akangoja mpaka niingize mkono ndani na kusema, "Ni baridi." Ndipo alipocheka. Tulichanja tena saba kati ya tisa. Wale wawili wenye kukataa walikataa kweli, na mmoja wao baadaye alizika ndama wawili.

Siku iliyofuata sikwenda popote. Niliketi zizini kwenye gogo, na Sista alisimama ameinamisha kichwa, hataki nyasi, pumzi fupi. Kila baada ya muda niliweka kiganja kwenye sikio lake. Lilikuwa moto, na mkono wangu, ambao mwezi mmoja kabla ungekimbilia chupa, ulikaa pale pale. Nilijua sasa kilichokuwa kinaendelea chini ya ngozi ile nyeusi: kwenye shingo, katika tezi isiyozidi yai la kuku, seli zilikuwa zinaitana kwa sauti ndogo kuliko chumvi ndani ya maziwa, zikichaguana, zikigawanyika, nyingine zikipewa kazi ya kukumbuka kwa miezi na nyingine kazi ya leo. Hakuna aliyezifundisha. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kogo alipita na ndoo, akanitazama, akaweka naye mkono kwenye sikio la pili, na tulibaki hivyo, yeye upande huu, mimi upande ule.

Ugonjwa ulifika kwenye kijito cha chini ya tuta wiki ya nne baada ya chanjo ile ya pili. Mashamba mawili ng'ambo yalifungwa, na kutoka zizini tulisikia ng'ombe wakilia kwa njaa kwa sababu vinywa vilikuwa na vidonda. Damu ya pili nilikuwa nimeitoa siku tatu kabla ya hapo. Daktari alinipa pipeti, akaketi mbali. Buluu ya Sista ilikuja polepole, nikaogopa, kisha ikazidi, ikazidi ya jirani yake, na ikaendelea kuzidi mpaka Daktari akaniambia nitie asidi kabla sijaanza kulia juu ya sahani. Sista hakuchechemea hata siku moja. Alitafuna upande wake wa kijito kama aliyesimama nchi nyingine.

Mwisho wa muhula Daktari Njoki alinipa bahasha ya chuo, akasema niifungue mbele yake na nisome kwa sauti. Mkebe wa mukimo ulikuwa mezani, umekatwa sehemu tatu. Nilisoma kwamba mwanafunzi alikwenda kinyume cha maagizo kwa kuwapa mifugo ya utafiti dawa bila ruhusa. Nilisoma kwamba alikaa kimya mtu mwingine akilaumiwa. Nilisoma kwamba alisoma sahani ya ishara peke yake bila kosa moja, na kwamba matokeo yaliyomhukumu aliyatunza. Mstari wa mwisho ulisema: Amefeli. Naomba arudishwe kwangu.

Jioni Kogo aliuliza barua imesema nini. Nilimwambia nimefeli, sitapata diploma mwaka huu, nitarudi tena mwaka mzima.

Alifikiria, panga la nepia mkononi. "Mwaka mzima," alisema. "Basi chukua hii panga. Sista hajala."